Kidole cha Kuchumia Chai

Mogogosiek,
7 Machi 1999

Kwa binti yangu Janeffer,

Chamgei mwanangu. Nakusalimia kwa jina la Bwana, na nikimaliza zangu kuna za wengine, usichoke kupokea. Baba yako Kipkosgei anakusalimia, mgongo unamsumbua lakini hataki mtu aseme. Kogo, nyanya yako, anakusalimia, anauliza kama huko Uingereza wanakupa maziwa. Nikamwambia wanakupa, akasema hayawezi kufikia mursik yake ya kwenye kibuyu. Masikio yake sasa yameziba kabisa, lakini chakula kikitajwa anasikia. Mdogo wako Mathew anakusalimia, na mke wake Nelvine, na mtoto wao ambaye hujamwona, ana meno mawili na anauma watu. Jirani yetu Chepchumba anakusalimia, bado anacheka kwa ile sauti yake, ukifungua dirisha huko utamsikia. Ng'ombe mweupe amezaa. Chai ilipigwa na mvua ya mawe juma lililopita, majani yakatoboka kama yametafunwa, lakini yanaanza kuchipua tena. Sisi wote tuko salama, hofu yetu ni kwako na hiyo baridi.

Kaka yako Weldon pia anakusalimia. Hiyo nimeandika mimi, yeye hakusema.

Mwanangu, hali yake si nzuri. Ile miaka minne akiwa tanboi wa kupakia na kushusha malori ya kupeleka chai Mombasa ilituletea sukari na sabuni, kumbe ilikuwa inaleta na kitu kingine. Hiyo unga ya kuvuta, rangi ya udongo. Mwanzo nilidhani ni bangi, nikasema bangi tutaiombea itoke. Sasa wenzake wa malori wanampitishia hiyo unga pale barabarani, na shati linamning'inia kama limetundikwa kwa msumari. Juzi alichukua blanketi la mtoto wa Nelvine likiwa bado na joto la mtoto, akaenda kuliuza sokoni. Nelvine hakulia. Alikaa tu akitazama kitanda. Mimi pia nilikaa, hata kupika nilishindwa.

Lakini Mungu hajalala. Upande wa Fort Ternan kuna mzee anaitwa Oyoo, alikuwa daktari msaidizi katika mashamba ya chai, sasa amestaafu. Ana nyumba ya vitanda vinane. Watu kama Weldon wanakaa kwake miezi mitano, wanatapika, wanalima, wanapona. Nilienda kumwona. Akaniambia, "Mama, usiniletee mtu amefungwa kamba. Aje kwa miguu yake, la sivyo atatoka kwa hiyo miguu." Kitanda kimoja kitakuwa wazi tarehe kumi mwezi wa saba. Siku hiyo ikipita anampa mwingine. Weldon amesema atafikiria. Hiyo "nitafikiria" nimeishika kama yai.

Sasa hii maneno yako ya mikono. Tulifanya ulivyosema, ingawa hatukuelewa. Nilienda Litein na Weldon na Mathew, kwa kijana anaitwa Ondieki mwenye mashine ya fotokopi. Nilipomwambia nataka fotokopi ya mikono ya hawa vijana wawili, aliuliza, "Mama, barua ziko wapi?" Nikasema barua ndiyo hiyo, mkono. Alicheka mpaka akaita jirani wa duka la viatu aje aone. Weldon aliweka mkono kwa kioo, taa ikapita chini yake, akasema, "Usinichome, bado natumia." Baba yako anauliza kama ni polisi wa huko wanataka alama zetu.

Mkono wa kulia peke yake, ulivyosema. Kuna kitu nilitaka kukuandikia pembeni mwa huo mkono wa Weldon lakini Ondieki alikuwa na watu wengine, nikaacha. Si kitu kikubwa.

Niandikie haraka uniambie mikono ni ya nini.

Ni mimi mama yako,
Elmina


Uingereza,
11 Aprili 1999

Mama mpendwa,

Chamgei. Barua yako ilichukua siku kumi na tisa. Msalimie Baba, Kogo, Mathew na Nelvine, na umwambie Chepchumba dirisha nimefungua na nimemsikia. Mimi ni mzima. Nimenunua koti la pili. Kazi ya wodini ni nyingi, lakini mwalimu wetu amenichukua nimsaidie katika utafiti wake, ndiyo maana nikaomba mikono.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Mtoto akiwa tumboni, kabla hata mimba haijaonekana, mwili wake unaogeshwa na vitu vinavyoitwa homoni. Ziko za kiume na ziko za kike, na kila mtoto anapata za aina zote mbili, ila kwa vipimo tofauti. Wanasayansi wengine wanasema kipimo hicho kinaacha alama kwenye vidole. Aliyepata nyingi za kiume, kidole chake cha pete kinakuwa kirefu kuliko kile cha kuelekeza, hiki mnachochumia chai. Na alama hiyo haibadiliki mpaka kufa. Mwalimu wangu anauliza kama watu hao ndio wanaovutwa zaidi na hatari, na ulevi, na dawa za kulevya. Bado ni swali, Mama. Hakuna anayejua.

Tumepima mikono mia na kumi na mbili. Mkono wa Mathew ni wa kawaida. Wa Weldon ndio wenye tofauti kubwa kuliko yote. Mwalimu aliuweka mezani akakaa akiutazama. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo, sijui kama ni kwa uchungu au kwa nafuu. Miaka hii yote tumemwita mvivu, tumemwita mwizi. Labda alizaliwa akiwa amebeba mzigo ambao mimi na Mathew hatukupewa.

Nimemwandikia Weldon pia, nikamweleza haya, ajue kwamba simlaumu.

Ndani kuna maswali kumi ambayo kila mama anajibu. Nimeyaandika kwa Kiswahili. Ulipokuwa na mimba yake uliumwa nini, ulikula nini, ulipewa dawa gani. Jibu tu unachokumbuka.

Binti yako,
Janeffer


Mogogosiek,
9 Mei 1999

Mwanangu Janeffer,

Pokea salamu za nyumbani. Baba yako ni mzima, Kogo ni mzima, Mathew na Nelvine ni wazima, mtoto ana meno manne. Ng'ombe mweupe anatoa maziwa mpaka tunagawia Chepchumba. Mvua imeshika sawasawa na chai imejaa majani. Mimi tu ndiyo sijui kama ni mzima.

Barua yako nilisoma nimekaa juu ya kikapu katikati ya chai, nikasoma mara ya pili, watu wakapita na vikapu vyao kwenda kupimisha majani, mimi niko pale. Gari la kiwanda lilikuja likaenda, majani yangu yakalala. Unajua mimi tangu nianze chai majani yangu hayajalala.

Kwa hivyo ni tumboni. Nilikuwa nadhani ni Mombasa, ni malori, ni marafiki wabaya. Kumbe ni mimi nilimpikia hiyo maneno kabla hajaona jua. Nimehesabu kila kitu. Nilikula udongo, ile mimba ilinitamanisha udongo wa kichuguu. Nilibeba kuni. Niliumwa malaria mimba ikiwa ya miezi sita nikapewa vidonge vichungu. Nilimwuliza Kogo kama kuna mama anaweza kumpa mtoto homoni za kiume akiwa hajui, akasema yeye alinywa uji tu.

Baba yako nilipomsomea akasema, "Basi ni tumbo lako, si mbegu yangu." Akachukua fimbo akaenda kwa ng'ombe. Hayo maneno hayajatoka masikioni mwangu.

Sasa siwezi kuona mtu bila kuona mkono wake. Kanisani mchungaji akiinua mikono kubariki, wengine wamefumba macho, mimi nimefumbua. Kidole chake cha pete ni kirefu, mwanangu, na yeye hata soda hanywi. Kituoni tunapopimisha majani, karani akishika kalamu naangalia. Chepchumba alinishika nikimwangalia, akanyoosha mkono mbele ya watu. "Tazama vizuri, Elmina, mimi natumia nini?" Kidole chake kilikuwa kama cha Weldon. Nikamwambia, "Wewe unatumia ugoro." Akasema, "Basi hao wazungu wako sawa." Watu wote walicheka, nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya kituo nikafuta macho.

Lakini jambo la kunivunja moyo ni Weldon mwenyewe. Hiyo barua yako amebeba mfukoni. Amewasomea wenzake barabarani, sasa wanamwita Profesa. Nilimkumbusha Fort Ternan, nikamwambia siku zinaenda. Akaniinulia kidole mbele ya uso. Akasema, "Mama, Oyoo anaweza kunipa kidole kingine? Janeffer amesoma, amepima, amesema. Niliumbwa hivi. Mti ukiota ukiwa umepinda, utaupeleka Fort Ternan?" Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole kama mtu ametua mzigo, na huo upole ndio ulinitisha. Wakati alipokuwa anapiga kelele nilijua bado anapigana.

Maswali nimejibu yote kwa hiyo karatasi, isipokuwa la tisa. La tisa sikuelewa.

Mwambie mwalimu wako aangalie tena. Andika haraka, mwezi wa saba si mbali.

Mama yako,
Elmina


Uingereza,
6 Juni 1999

Mama,

Chamgei, na wote nyumbani. Sina usingizi tangu nipate barua yako, kwa hivyo nisamehe nikifupisha salamu.

Nilikosa. Nilimwandikia Weldon kama kaka, yeye akapokea kama hukumu. Hii si hukumu. Hata kama utafiti utakuwa kweli, unasema tu kwamba kati ya watu wengi, walevi wanaweza kuwa wengi kidogo kwa wenye kidole hicho kuliko kwa wengine. Haumsemi mtu mmoja. Nimejipima mwenyewe kwa rula, Mama, nami kidole changu cha pete kimezidi, na sijawahi kuonja hata pombe ya harusi. Mwambie hivyo. Nimemwandikia pia, lakini sijui kama atafungua.

Sasa swali la tisa. Mama, hilo ndilo rahisi kuliko yote. Linasema, "Je, mkono uliopimwa umewahi kuumia?" Wewe unasoma Biblia nzima. Hukushindwa kulielewa.

Mwezi ujao mwalimu anakwenda kuonyesha kazi yetu mbele ya wenzake. Mkono wa Weldon ndio atakaoanza nao, kwa sababu ndio unaoonekana wazi kuliko mingine. Nakuomba, jibu la tisa. Chochote kilichoko, sitamwambia mtu kabla yako.

Janeffer


Mogogosiek,
22 Juni 1999

Mwanangu Janeffer,

Baba yako anakusalimia. Kogo anakusalimia. Mathew, Nelvine, mtoto. Chepchumba. Nimewataja wote haraka kwa sababu nikianza kueleza habari zao nitajificha huko, na karatasi itaisha kabla sijasema.

Mkono uliumia.

Ilikuwa mwezi wa nane, 1973. Weldon alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, wewe ulikuwa hujawa hata mawazo. Baba yako alikuwa anafanya kazi shamba la wazungu, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Na mwanangu, mimi nilikuwa mlevi.

Nimeandika. Sasa haifutiki.

Ninyi mnanijua mama wa kanisa, mama wa kitambaa cheupe. Kabla yenu kulikuwa na Elmina mwingine. Nilianza kwa kusaidia mama mmoja kupika chang'aa kule mtoni, nikawa naonja kama iko tayari, halafu nikawa naonja hata ile nilijua iko tayari. Nilikuwa naenda asubuhi na mtoto mgongoni. Kogo aliniona, aliongea, nilimtukana. Mimi nilimtukana Kogo.

Siku hiyo nilirudi mchana jua likiwa kali. Ule mlango wa nyumba ya zamani unaukumbuka, wa mbao nzito, ambao sasa ni wa zizi la ndama. Nilimweka mtoto chini, nikaingia, nikauvuta kwa nguvu nyuma yangu kwa sababu mwanga ulikuwa unaniumiza macho. Haukufunga vizuri. Nikavuta tena. Mara ya pili, Janeffer. Nilisikia mtoto analia nikasema anataka kunyonya, nikalala. Kogo ndiye alikuja akafungua mlango. Kidole cha mtoto kilikuwa hapo kwenye bawaba, kile cha kuchumia chai, mkono wa kulia.

Kogo alikifunga kwa kijiti na kitambaa. Hospitali hatukwenda, kwa sababu wangeuliza, na mimi nilikuwa bado nanuka. Baba yako alipokuja, Kogo akamwambia ndama amemkanyaga. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Huyo mama niliyemtukana akanifunika, na tangu siku hiyo hajanikumbusha hata mara moja.

Kilipona, ukucha ukaota vizuri, hakuna mtu angejua. Ila hakikukua kama vingine. Mimi niliona. Weldon alipoanza kuchuma alikuwa anachelewa, jani linamponyoka, vijana wanamcheka ati anachuma kama mzee. Kila nikimwona natoroka kwenda mstari mwingine. Ndiyo sababu alipotaka kazi ya lori sikumzuia. Baba yako alikataa, mimi ndiye nilimbembeleza akubali. Nilitaka nisikione hicho kidole kikihangaika kwa chai.

Jana mchana alikuwa amelala karibu na zizi. Nilichukua kijiti cha chai, nikampima polepole kama mwizi. Mkono wa kushoto, cha kuelekeza na cha pete ni karibu sawa, nilikata kijiti kimoja kikatosha vyote viwili. Wa kulia, cha kuelekeza kimepungua kwa upana wa ukucha. Kama ni homoni, mwanangu, mbona zilipita upande mmoja? Ungeniambia nipeleke mikono yote miwili kwa Ondieki ungejua siku ya kwanza. Lakini mimi nilijua, na mikono miwili sikupeleka. Uliposema wa kulia tu nilishukuru kwanza, kwa kuwa hakuna wa kushoto wa kulinganisha, na nilipoelewa ni wa nini nikajuta.

Basi mwambie mwalimu huo mkono autoe. Hiyo si alama ya tumbo. Ni mlango.

Weldon sijamwambia. Kalamu hainiangalii, yeye ataniangalia. Zimebaki siku kumi na nane. Nikimwambia atakuwa na haki ya kunichukia, na nisipomwambia atakufa akidhani aliumbwa hivyo.

Usiache kuniandikia hata kama umekasirika. Andika haraka.

Mama yako,
Elmina


Uingereza,
5 Julai 1999

Mama,

Barua yako imefika leo asubuhi. Najua hii yangu itakufikia tarehe kumi ikiwa imeshapita, na hakuna simu ninayoweza kukupigia.

Nimesoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa sakafuni. Sijui niseme nini kuhusu huyo Elmina mwingine. Ninajaribu kumwona nashindwa, namwona wewe tu.

Mchana nilimwambia mwalimu kwamba mkono uliumia utotoni, sikusema zaidi. Aliutoa. Alipochora upya bila Weldon, mstari wa grafu aliokuwa anajivunia ukashuka karibu kulala. Akasema wataanza tena, na safari hii mikono yote miwili. Nilimwambia ni mama yangu aliyesema hivyo.

Mwambie, Mama. Natamani uwe umeshamwambia.

Nakupenda. Bado niko sakafuni, lakini nakupenda.

Janeffer


Mogogosiek,
12 Julai 1999

Mwanangu Janeffer,

Chamgei. Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Ukungu wa mwezi wa saba umekaa juu ya chai tangu asubuhi, hata Chepchumba simwoni, namsikia. Mtoto wa Nelvine amesimama peke yake hatua moja, akaanguka, akatuangalia kama ni sisi tulimsukuma. Baba yako ni mzima, ingawa haongei na mimi sana. Kogo anakusalimia, na utaona chini ana habari yake.

Nilimwambia Jumapili tarehe nne. Weldon alikuja kula, tulikuwa wote mezani. Mimi sikula. Nilimwambia aweke mikono miwili juu ya meza. Akasema, "Mama, na wewe umekuwa daktari?" Nikaweka kijiti kwenye kushoto, nikaweka kwenye kulia, wote wakaona. Halafu nikasema yote, kama nilivyokuandikia, na mlango wa zizi nikauonyesha kwa dirisha.

Mathew akageuka kuutazama mlango wa zizi.

Weldon akasema, "Ulikuwa umelewa."

Nikasema nilikuwa nimelewa.

"Wewe."

"Mimi."

Baba yako alikuwa ameshika kijiko. Nilingoja anipige au atoke nje. Akasema taratibu, "Ndama yule nilimuuza." Tukamwangalia. "Nilirudi nikaambiwa amemkanyaga mtoto wangu, nikamuuza kesho yake kwa hasira. Ndama jike wa ukoo wa ng'ombe wa mama yangu. Miaka ishirini na tano ninamlaani." Na Kogo, ambaye hasikii mvua ikipiga mabati, akasema kutoka kwa kona, "Alikuwa ndama mzuri. Nilikwambia usimuuze." Mathew alishindwa, akacheka. Weldon pia alicheka, mara moja, halafu uso wake ukaanguka.

Akaniambia, "Miaka yote unasimama kanisani unaniombea kwa sauti, watu wote wanageuka kuniangalia. Na ulikuwa unajua hii kitu ilivyo. Ulikuwa unaijua kutoka ndani." Aliangalia kidole chake, akakikunja ndani ya mkono. Akatoa barua yako mfukoni, ile ya kwanza, akaiweka kando ya sahani yake. Hakumaliza chakula. Akatoka.

Jumatatu hakuonekana. Jumanne hapana. Mathew alienda barabarani, wenzake wakasema Profesa hajapita. Nilijua amepanda lori la Mombasa, na safari hii harudi. Ijumaa nilikubali. Jumamosi, tarehe kumi, nilienda Fort Ternan kumwambia Oyoo ampe mtu mwingine hicho kitanda, kwa sababu niliona ni vibaya kumfungia mtoto wa mwenzangu nafasi.

Oyoo alikuwa anapukuchua mahindi. Kabla sijasalimia akasema, "Mama, umechelewa. Kitanda kina mtu."

Nikasema ni sawa, ndiyo nilikuja kusema hivyo.

Akasema, "Alifika Jumatano saa sita akiwa ameshika viatu mkononi. Amevimba miguu. Amelala kwa mkeka mpaka leo kitanda kimeachwa. Anasema alilala kwa kanisa njiani, Londiani sijui Kipkelion, alikuwa hata hajui alipopita."

Mwanangu, nilikaa chini hapo kwa mahindi na nguo yangu ya kanisa.

Sikuruhusiwa kumwona, mgeni haruhusiwi mpaka Jumapili ya tatu. Lakini Oyoo alinipitisha kando ya ua, nikamwona kwa mbali analima na wengine, mgongo kwangu. Alikuwa anatetemeka sana, jembe linapiga mahali pasipofaa. Oyoo anasema usiku wa Alhamisi alitapika akataka kuondoka, akaonyeshwa mlango uko wazi. Akakaa karibu na huo mlango mpaka asubuhi. Mpaka juzi nilipomwona alikuwa hajaondoka. Zaidi ya hapo sijui, na usiwaambie watu huko kwamba amepona.

Sasa jambo lenyewe ninaloandikia. Nikiondoka Oyoo akaniambia, "Kijana wako ana swali moja tu. Amenituma nikuulize. Anataka kujua uliacha vipi."

Nimebaki na hiyo swali tangu Jumamosi. Hakuna mtu amewahi kuniuliza, kwa sababu hakuna mtu alijua. Kanisani wanadhani nilikuja kwa Bwana nikiwa safi. Niliokoka mwaka wa pili baadaye, pombe ilikuwa imeshatoka.

Wewe nitakwambia. Kila nikitaka kwenda mtoni, nilikuwa nakaa chini, namfungua Weldon kitambaa, natazama kidole. Ananipa mkono mwenyewe, akidhani tunacheza. Natazama mpaka hamu inapita, halafu namfunga tena. Wakati mwingine mara nne kwa siku. Kogo aliniambia nikimfungua mara nyingi hakitapona vizuri. Nilijua hivyo na nikafungua.

Ndiyo dawa iliyoniponya, Janeffer. Sikuwa na nyingine. Sasa kijana anatetemeka huko, anangoja nimwambie njia. Nimwambie niliacha kwa kufungua kidonda chake? Au nimdanganye, nimwambie ni maombi, na hii nyumba imeshiba uongo?

Karatasi ya kumwandikia iko hapa mezani, nimeandika jina lake tu. Wewe umesoma, na unamjua. Jumapili ya tatu ni tarehe ishirini na tano, ndiyo siku nitaruhusiwa kumwona, na nikitokea bila jibu ataniangalia mikono mitupu. Najua barua yako itachelewa hiyo siku, lakini ukipata hii, usimalize hata chai yako. Niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako,
Elmina